Kidole cha Ursula

Alhamisi, tarehe 6 Juni 1991, saa tatu asubuhi. Iandikeni mahali hiyo tarehe. Ndiyo siku mambo yangu yaliharibika, na walioyaharibu hawajalala njaa hata siku moja tangu hapo.

Asubuhi hiyo mke wangu Ursula alikuwa kwenye benchi ya zahanati ya kijiji chetu, Rwamagara, ukishapita Nyegina. Mimba ya miezi mitano ilikuwa inamtoka na damu haikatiki. Nje ya zahanati, hatua kumi kutoka kwenye benchi, ilisimama Land Rover ya kata. Katibu wetu wa chama, Apolinary Machage, akaniambia gari halina petroli, nikitaka mgonjwa afike Musoma nikaitafute mwenyewe.

Nikapanda baiskeli mpaka Kitaji, mjini Musoma, kwa Fundi Muharami anayeziba sufuria. Yeye alikuwaga na petroli kidogo ya taa yake ya kuchomelea. Akanimiminia yote kwenye galoni, hakuuliza kitu. Akasema, "Wahi, mwanangu. Sufuria za watu zitasubiri."

Niliporudi, Land Rover haikuwepo. Iliondoka kwa petroli gani, mpaka leo sijaambiwa. Na Ursula alikuwa amefunikwa khanga.

Tulimzika Jumamosi.

Sasa twendeni ukumbini Musoma, nilikowaacha wiki jana, mwezi mmoja na nusu baada ya mazishi. Watu wa tume wamekuja kuwauliza wananchi: chama kiendelee kuwa kimoja au viwe vingi, na Bunge likae vipi. Karani wa tume, mama mmoja mnene wa sauti nzuri, ameshika karatasi ya maoni ya Rwamagara. Majina mia moja themanini na saba, kila jina na alama ya dole gumba. Amesoma jina la kwanza.

"Ursula Nyangi."

Na mimi, Kasmiri Masatu, nimesimama.

"Huyo hayupo," nikasema.

"Hakuja leo?" karani akauliza.

"Hatakuja. Nimemzika."

Watu wawili watatu wa nyuma wakacheka, wakadhani ni masihara. Halafu wakaona uso wangu, wakaacha.

Mwenyekiti wa kikao, mzee wa miwani, akamwambia karani asome yale maneno ya juu ya karatasi. Mama akasoma. Wananchi wote wa Rwamagara, kwa kauli moja, wanataka chama kiendelee kuwa kimoja. Wanaotaka ubunge waendelee kuchujwa na chama. Wakuu wa mikoa waendelee kuingia bungeni bila kupigiwa kura.

Mimi na darasa langu la pili nilikuwa sijui hata kwamba wakuu wa mikoa wanaingiaga bungeni. Kumbe nimeshakubali waendelee.

Machage akainuka. Kaunda suti imepigwa pasi mpaka inakata, kalamu mbili mfukoni.

"Ndugu Mwenyekiti, akina Ursula wako wengi. Hata akina Ursula Nyangi wako wengi. Huyu ndugu yetu amefiwa juzijuzi tu, akili yake haijatulia. Sisi hatumlaumu. Naomba asaidiwe akapumzike nje, kwenye hewa."

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Mgambo akanishika mkono, taratibu, kama mtu anavyoshika mlevi wa kwao.

Hapo ndipo nilipoona jinsi wanavyotumalizaga hawa. Hakunitukana. Alinihurumia. Mtu akishakuhurumia mbele za watu mia tatu, useme nini tena?

"Wataje," nikamwambia.

"Niwataje nani?"

"Hao akina Ursula Nyangi wengine. Wewe ni katibu wetu mwaka wa tisa."

"Mimi siyo daftari, ndugu Kasmiri."

"Basi mimi ndiyo daftari," nikasema. "Mama karani, usisome tena. Mimi nitaje, wewe unifuate kwa kidole hapo kwenye karatasi. Nikikosea, huyu anitoe nje."

Mwenyekiti akamwonyesha mgambo kwa kichwa: muache.

"Namba mbili," nikaanza, "Wanzagi Masatu."

Mama akatazama. "Ndiyo."

"Ni mdogo wangu, alipiga jembe la kwanza. Namba tatu, Renatus Magoti. Namba nne, Jumanne Bwire, alikuja na sururu yake mwenyewe kwa sababu upande wa miguu kulikuwa na jiwe. Namba tano, Masatu mtoto wa Wanzagi. Hao wanne ndio waliingia shimoni kwanza. Sita mpaka kumi na moja ni waliowapokea."

Nikawataja wote sita. Mama karani akawa anashuka na kidole chake. Kila jina anasema ndiyo.

"Kumi na mbili wanaanza waliochota maji ziwani. Mwanaupe Jumanne yuko mbele, na nyuma yake mama Gati. Wakimaliza wa maji wanakuja wapasua kuni. Baada ya wapasua kuni yupo mzee mmoja, Magesa. Alichelewa, alikuwa analia sana, akaweka dole mara mbili."

Mama akageuza ukurasa.

"Magesa," akasema polepole. "Madole mawili."

Watu wa nyuma wakasimama wapate kuona.

Ngoja niwaeleze nyie msiotoka kwetu. Rwamagara msiba unaandikwa. Asiyekuja kuzika mara tatu, siku yake na yeye atachimbiwa na watoto wake peke yao, kwa hiyo kila anayekuja anataka aonekane amekuja. Jina la marehemu linaanza juu, peke yake, ndiyo heshima yake ya mwisho. Chini yake wanafuata watu kwa kazi: wa shimo, wa maji, wa kuni, na wa kukaa tu. Mfiwa haandikwi. Mfiwa hana kazi, kazi yake ni kukaa barazani kutazama. Na mimi siku ile nilitazama.

"Sasa nitafute mimi humo," nikamwambia mama. "Kasmiri Masatu. Kijiji kizima kimekubali kwa kauli moja, nitafute."

Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. "Haumo, baba."

"Hakuna mkutano wa maoni hapo. Hayo ni mazishi ya mke wangu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ndugu Katibu. Hii ni karatasi ya nini?"

Nilimwona Machage akipapasa kalamu zake mfukoni. Nikasema moyoni, leo umepatikana.

Sikuwa namjua bado.

Alitoa kitambaa, akafuta uso bila haraka. Akaweka mkono kifuani.

"Ndugu Mwenyekiti, kumbe na mimi nimedanganywa. Nasikitika sana. Mimi kwetu ni Buswahili, pale jirani na Butiama, chama nimekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Siwezi kukitendea jambo kama hili. Karatasi hii nililetewa na watu waliotoka msibani kwa huyu bwana. Niliwaamini."

"Muongo," sauti ya Wanzagi ikatoka nyuma. "Karatasi ulikuja nayo mwenyewe. Na kibati cha wino."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sisi tunaandikaga kwenye daftari la shule. Jumamosi ile Machage alikuja na karatasi ndefu ya ofisi, ameikunja juu na kuibana kwenye ubao. Akasema daftari limejaa, halafu siku hizi utaratibu ni kuweka na dole. Jina la Ursula lilikuwa limeshaandikwa juu, na kibati cha wino amekikalisha hapo hapo mbele ya jina. Nani ashangae? Marehemu si ndiye anayeanza? Tuliona katibu wetu ametuheshimu, ametuletea msiba wa kisasa. Watu wakapanga mstari wakiwa na udongo mikononi, wakabonyeza. Mtu anayelia hawezi kuanza kukunjua karatasi atazame juu kuna nini.

Mwenyekiti akaichukua ile karatasi, akaiweka pembeni, mbali na nyingine.

"Hii haitahesabika," akasema. "Na wewe, ndugu Kasmiri, kwa kuwa umesimama. Maoni yako ni yapi?"

Nina miaka hamsini na mbili. Nimelima pamba ikaoza ghalani, nimepanga foleni ya sabuni, nimekatwa michango ya mwenge. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo swali. Wenzangu wa vijiji vingine walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya kujibu wiki nzima, mimi hata siku moja.

"Chama kimoja, viwili, ishirini, mimi sijui," nikasema. "Ninachotaka ni hivi. Gari la wananchi likiondoka na kumwacha mgonjwa kwenye benchi, awepo mtu wa kumuuliza mwenye gari lilikwenda wapi. Na huyo mtu asiwe amechaguliwa na mwenye gari. Bunge kama hilo likiwepo, niiteni, nitakuja kupiga kura hata kwa magoti."

Walipiga makofi. Hata mgambo alipiga, halafu akakumbuka yeye ni nani.

Ningekaa pale pale, mambo yangeishia hapo. Jina la mke wangu limetoka kwenye uongo, mimi narudi nyumbani. Lakini mama karani alikuwa bado ameinamia ile karatasi. Akamnong'oneza mwenyekiti.

"Ndugu Kasmiri," mwenyekiti akasema, "marehemu na yeye anawekaga dole?"

"Hapana. Ni jina tu."

"Una hakika?"

"Mzee, ataweka vipi?"

"Njoo utazame hapa."

Nikatembea mpaka mezani. Mstari wa kwanza: Ursula Nyangi, mwandiko wa Machage, na ile Y yake yenye mkia mrefu. Mbele ya jina kuna dole. La zambarau. Dogo.

Nikainama zaidi. Katikati ya dole kulikuwa na mstari mweupe umepita mshazari, mahali wino haukushika.

Ule mstari naujua. Mwaka tuliooana Ursula alijikata akipasua samaki, ningu, kisu kikaingia mpaka kwenye mfupa, na kovu halikuondoka. Nimelishika dole hilo miaka ishirini na mitatu.

"Ni lake," nikasema.

Kosa. Kosa kubwa nililofanya siku hiyo.

"Mmesikia," Machage akasema, na safari hii hakujisumbua kuhurumia. "Amekiri mwenyewe kwamba dole ni la marehemu. Mwili ulilala kwa nani Alhamisi na Ijumaa? Kwake. Nani alikuwa peke yake na maiti? Mume. Huyu bwana anaichukia ofisi tangu mkewe afe, anatutangaza mpaka kwenye vilabu vya pombe. Amemshika marehemu mkono, amempaka wino, amechomeka karatasi ili leo aje atuaibishe mbele ya wageni. Ndugu Mwenyekiti, mtu anayechezea maiti ya mke wake mwenyewe tunamwitaje?"

Wale wale waliopiga makofi wakaanza kunitazama kwa pembeni. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alivuta khanga yake nisiikanyage.

"Hili sasa siyo jambo la tume," mwenyekiti akasema. Polisi aliyekuwa mlangoni akaanza kuja. "Ndugu Kasmiri, kaa hapo ulipo. Usitoke."

"Mzee, mimi—"

"Usitoke, nimesema."

Polisi akanishika mkanda kwa nyuma. Nikaona mambo yote kwa mpigo. Binti yangu anabaki na nani? Mtu mwenye darasa la pili atamweleza nini hakimu? Na Machage atakuja kunitembelea mahabusu, ataleta na machungwa.

"Shemeji, nyamaza kidogo. Acha niseme mimi."

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Getruda, mdogo wake Ursula, aliyeolewa Bunda. Alilala kwetu tangu juzi, na asubuhi ile alinifuata ukumbini akisema hawezi kuniacha niende peke yangu kwa hao watu, nitapigana. Ni mfupi, amesimama na bado hamzidi aliyekaa.

"Wewe ni nani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ndiye niliyemwosha."

Machage akacheka kidogo. "Ndugu Mwenyekiti, hawa ni familia moja."

"Ndiyo, ni familia moja," Getruda akasema. "Ulitaka aoshwe na kamati ya siasa?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka.

"Alhamisi jioni nilifika kutoka Bunda. Dada alikuwa na akina mama wanne ndani, na shemeji alikuwa nje, kwetu mume haingii mpaka marehemu aoshwe. Nikamwosha mimi, kuanzia kichwani. Nilipofika mkono wa kushoto, dole gumba lilikuwa zambarau. Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa jivu. Halikutoka."

"Hukumwambia mtu?" mwenyekiti akauliza.

"Nilidhani ni ile dawa ya vidonda ya zahanati, ile ya zambarau. Nikawaambia wenzangu, jamani, angalau walimpaka dawa." Akatazama viganja vyake. "Nilishukuru, mzee. Nilisema asante."

Polisi akaniachia mkanda.

Jumamosi ndiyo karatasi ilikuja msibani. Alhamisi jioni dole lilikuwa limeshapakwa. Hata mimi na darasa langu la pili, hesabu hiyo naiweza.

"Mwili ulitoka zahanati," mwenyekiti akasema. "Aliyeutoa ni nani?"

Watu wa Rwamagara waliokuwemo waligeuka wote upande mmoja, mstari wa tatu, alikokaa nesi wetu Wegesa. Alikuwa ameletwa na Land Rover ile ile, aje aseme maendeleo ya afya. Mkoba wake ulikuwa mapajani, ameukumbatia kama mtoto.

"Nesi," mwenyekiti akasema, "ile dawa ya zambarau mnayo?"

"Iliisha Februari," Wegesa akasema kwa sauti ya chini. "Tuliandika barua tatu."

"Kwa hiyo tarehe sita Juni hamkuwa nayo."

"Hatukuwa na kitu. Tulikuwa na benchi."

"Nani alikuwa na wino?"

Akamtazama Machage. Machage akamtazama yeye. Niliuona ule mtazamo na nitauona mpaka nife: siyo wa bosi na mtumishi, ni wa watu wawili walioshika gunia moja.

"Dada Wegesa," Machage akasema taratibu, "fikiria kazi yako."

"Ndugu Katibu, kaa chini," mwenyekiti akasema.

"Mimi namkumbusha tu."

"Kaa."

Wegesa alishaanza kulia, machozi bila sauti. "Alikuja na karatasi kwenye benchi. Alisema anaandikisha wanaosubiri gari. Kwamba anayetaka kupelekwa Musoma aweke dole. Akaanza na Ursula kwa sababu ndiye aliyekuwa na hali mbaya. Wengine walipoona vile wakaogopa, wakaondoka. Akabaki na jina moja tu. Akaikunja karatasi, akapanda gari, akaenda kwenye mazoezi ya maoni huko kata."

Ukumbi ulilipuka. Watu wamesimama, viti vinaanguka, Wanzagi anashikwa na watu watatu. Mwenyekiti anagonga meza kwa ngumi. Mimi sikusogea. Kuna kitu kilikuwa kinanizunguka kichwani na nilitaka kukishika kabla hakijapotea.

"Saa ngapi?" nikauliza.

Wegesa hakunisikia. Nikaenda mpaka mbele yake, nikachuchumaa.

"Wegesa. Alikuja na hiyo karatasi saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne na robo hivi. Redio ya Katibu ilikuwa imemaliza habari."

"Siku ile uliniambia Ursula amekata roho saa nne kamili. Umeandika hivyo kwenye kitabu chako. Nimeona."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasukumwa. Machage alikuwa anaelekea mlango wa pembeni, hakimbii, anatembea kama mtu anayeenda kujisaidia. Polisi akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anamtazama Wegesa. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Wegesa.

Kama alikuwa amekufa, basi mtu alishika mkono wa maiti ya mke wangu, akaipaka wino, akaipigisha kura. Kama alikuwa hai, basi alibonyeza mwenyewe, kwa kidole chenye kovu, akiamini ananunua nafasi kwenye gari lililokuwa na petroli muda wote, na akaliona likiondoka.

"Niangalie mimi, usimwangalie yeye," nikamwambia nesi. "Wakati anashikwa hilo dole, Ursula alikuwa bado anapumua?"